Mbaazi Hazikulogwa

Twasikia hapa Tegeta watu wakinong'ona ya kwamba mbaazi zilizonyauka zilipigwa jicho na jirani. Maneno hayo twayakataa. Mwenye shaka na aling'oe shina, alipasue kwa kisu: ataona mistari myeusi ndani yake. Ni kuvu, jina lake fuzari. Hukaa udongoni, huingia kwa mizizi, huziba njia za maji, nao mbaazi hufa kwa kiu ijapokuwa mvua imenyesha juzi. Katika mabaki ya mizizi huweza kuishi hata miaka 3. Nasi twafanyaje? Twavuna, twaacha visiki, na mwaka wa pili twapanda mbaazi pale pale! Huko ni kumlisha adui.

Kunde nazo zina kuvu nyingine, ipendayo mchanga wetu ukaukao na kupata moto. Hiyo huzidi pale tuachapo udongo uchi.

Basi ng'oeni visiki vya mbaazi mkavichome. Shamba lile lipandeni mtama au mahindi miaka 3. Penye kunde tandazeni majani. Na yule mama mliyeacha kumwamkia tangu mwezi wa Juni, nendeni mkamwombe radhi.