Kasuku Anayejinyonyoa Manyoya

Kasuku anayejinyonyoa hutambulika upesi: kifua ki wazi, bali kichwa kimefunikwa kamili, kwa kuwa mdomo wake haukifikii. Wengi hulaumu utitiri. Kweli, wadudu, maradhi au chakula cha mbegu tupu huweza kuwa chanzo, na daktari wa mifugo aulizwe kwanza. Lakini porini tabia hii ni nadra mno. Katika misitu ya Kilimanjaro, juu ya mashamba ya mpunga ya Mabogini, kasuku hutafuta mbegu za podo na kuzibangua. Aliyefungwa tunduni peke yake hukosa kazi na mwenzi, akaugeukia mwili wake. Akizidi, manyoya hayaoti tena. Apewe matawi ya kutafuna, chakula kifichwe akitafute, wala asikamatwe mwingine porini kuwa mwenzake.