Nyumba Njema Si Mlango: Tunahesabu Kompyuta, Hatuhesabu Dakika

Imekuwa ada yetu Zanzibar kupima utayari wa skuli kidijitali kwa kuhesabu vitu. Kompyuta ngapi? Projekta ngapi? Intaneti ipo au haipo? Fomu ikishajazwa, picha hupigwa na wakubwa hupanda magari yao. Nadai kwamba kipimo hiki kinadanganya, na anayelipia uongo huo ni mtoto wa mkulima wa Makunduchi na wa mchuuzi wa Darajani.

Tufanye hesabu. Chukua skuli yenye kompyuta 20, darasa la wanafunzi 60 na kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Watoto watatu kwa mashine moja: kila mmoja hushika kibodi kwa dakika 13. Ondoa muda wa kuingia na kuwasha, hubaki kama dakika 10. Na katika skuli zinazoendeshwa kwa mikondo miwili, mkondo wa asubuhi hauwezi kubaki mchana kufidia. Fomu inaandika 20; mtoto anapata 10.

Kisha umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu baada ya mfumo wa kebo ya chini ya bahari kuharibika. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013. Mei 12, 2024 zikakatika kebo za intaneti baharini, na Tanzania nzima ikataabika. Kwa kisiwa, swali la kwanza la utayari ni hili: waya ukikatika, somo linaendelea? Masomo yamehifadhiwa ndani ya skuli au yote yako ng'ambo? Tena, nani ananunua umeme wa Tukuza ukiisha katikati ya mwezi? Nani anatengeneza mashine iliyoliwa na chumvi ya bahari? Na katika majengo ya Mji Mkongwe, mawimbi ya intaneti yanapenya kuta zile nene za mawe na chokaa hadi darasa la mwisho?

Najua jibu litakalotolewa: tuanze na vifaa, mengine yatafuata. Hayafuati yasipotengewa fungu. Mwalimu asiyefunzwa hufunga chumba kwa kufuli, kwa sababu kifaa kikiharibika ataulizwa yeye. Kisipotumika haulizwi na mtu.

Septemba 23, 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo, ili mfuko wa mzazi usiamue hatima ya mwana. Ikiwa leo anayejua kompyuta ni yule tu aliye nayo nyumbani, ada tuliyoifuta tumeirudisha kwa mlango wa nyuma.

Basi, ndugu mtumishi wa umma, badilisha fomu. Andika dakika za kila mwanafunzi, siku ambazo chumba kilifunguliwa, walimu waliofunzwa na fungu la matengenezo. Kisha ibandike ukutani, kamati ya skuli na wazazi waisome. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, msiulize tena kompyuta ni ngapi. Ulizeni ufunguo wa chumba anao nani.