Mtoto Asiyetaka Kubadilishiwa Njia



Sisi tunaoishi Kamsamba, huku bondeni kando ya mto Momba, tunajua kwamba mvua zikikolea njia hubadilika. Palipokuwa na kijia jana, leo ni maji. Mtu mzima huzunguka akaendelea na safari yake. Lakini wapo watoto ambao kwao jambo hilo ni msiba. Mwenzetu mmoja anaye mtoto wa namna hiyo. Siku njia ya shule ilipojaa maji, mtoto alijitupa chini, akapiga kelele na kujiuma mkono. Watu wakakusanyika. Huyu akasema achapwe, yule akasema ana pepo. Mama kwa aibu akamchapa, na usiku akalia peke yake.

Hali hii huitwa usonji. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11, naye alitaja jinsi walivyotaka mambo yabaki vilevile. Si ukaidi, si laana, wala si dhambi ya mama. Badiliko la ghafla humtia mtoto hofu kubwa. Fimbo huongeza hofu hiyo. Haimfundishi njia ya pili.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumwambie mapema, kwa maneno machache. Tuchore chini kwa kijiti: nyumba, njia mpya, shule. Tumwonyeshe pia yasiyobadilika: mwalimu ni yuleyule, na mama atamngoja nyumbani kama kawaida.

Pili, tuanze na badiliko dogo, siku ya utulivu. Kama hula wali katika sahani moja tu, tuweke sahani nyingine kando bila kumlazimisha. Akiizoea, tutie humo kijiko kimoja cha wali.

Tatu, tumpe nafasi ya kuchagua: "Tupite kwa bibi au tupite sokoni?" Anayechagua haogopi sana.

Nne, kilio kikishampanda tusibishane naye. Tumpeleke penye kivuli na ukimya, tungoje. Akifaulu hata kidogo, tumsifu kwa kutaja alichofanya: "Umepita njia nyingine, hongera!"

Wala tusimwondolee kila alichozoea. Hata sisi tuna benchi letu kanisani, na mgeni akilikalia tunanuna!

Tumfikishe hospitali pia, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa huwa na kifafa, nacho kina dawa. Na shule isimfungie mlango: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma.

Mwenzetu yule alimwomba mwanawe msamaha. Kisha kiangazi chote, kila Jumamosi, walitembea pamoja ile njia ya kuzunguka, bila haraka. Mvua ziliporudi mtoto alilia kidogo, akamshika mama mkono, wakapita. Zipo siku nyingine anagoma, nao hurudi nyumbani wakajaribu tena kesho.

Mchungaji mwema aliwaacha kondoo 99 akamfuata mmoja kule alikokuwa. Nasi tukitaka mtoto ajifunze kubadilika, tukubali kubadilika kwanza: tuiweke fimbo chini, tusiwaogope majirani, tumfuate polepole. Bwana awape subira nyumbani mwenu.