The Promised Neverland: Msimu wa Kwanza Moto, wa Pili Mbio za Bure

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara nyingi mno: "Nimemaliza The Promised Neverland msimu wa kwanza, niendelee na wa pili?" Jibu langu ni hapana, usiendelee. Lakini kusema tu "ni mbaya" si sababu, kwa hivyo wacha nieleze. Kama hujaicheki kabisa, simama hapo hapo, nenda uone episodi ya kwanza, urudi. Kuanzia hapa naanika kila kitu.

Haya, mliobaki. Kuna nyumba inaitwa Grace Field. Watoto mayatima, nguo nyeupe, chakula kizuri, mama mmoja mpole anaitwa Isabella. Kila mtoto ana namba shingoni. Kila siku wanafanya mtihani. Emma, Norman na Ray, wote miaka 11, ndio vichwa vya nyumba. Usiku mmoja msichana mdogo anaitwa Conny anaondoka, ati amepata wazazi wa kumlea, anasahau mwanasesere wake. Emma na Norman wanamkimbizia langoni. Wanachokiona huko ni kwamba nyumba yao si nyumba, ni shamba. Wao ndio mifugo. Mama ndiye mchungaji.

Na hiyo ni episodi ya kwanza tu! Watengenezaji wengi wa hadithi za kusisimua wangeficha siri kama hiyo hadi mwisho, wakikuvuta na vidokezo. Hawa waliitoa yote mapema, na hapo ndipo ujanja ulipo. Ukishajua, swali si tena "kuna nini pale langoni?" Swali ni "Mama anajua kwamba mimi najua?" Mwanasesere amebaki kule, kwa hivyo Mama ana uhakika kuna mtu alifika. Kesho yake asubuhi wote wanakula pamoja wakitabasamu. Anamtazama Emma usoni akitafuta dalili moja ya uoga, na mimi nimeketi hapa Nkoroi nimeshika simu kama nimeshikwa koo. Hakuna aliyepiga mtu risasi. Ni uji na tabasamu tu.

Kisha kuna hiyo mitihani. Sijui Mmarekani anaionaje, lakini Mkenya aliyepitia 8-4-4 haitazami vivyo hivyo. Tulikuzwa tukiambiwa maisha yako ni alama zako juu ya 500, hadi KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Grace Field, wenye alama za chini ndio wanaosafirishwa kwanza. Unafikiri basi wenye akili wako salama? Wapi. Wanawekwa hadi miaka 12 kwa sababu ubongo uliokomaa ndio mtamu zaidi. Mwenye alama za juu haokoki, anaiva tu. Hiyo sentensi nilikaa nayo siku mbili.

Mwendo wa msimu wa kwanza ni wa saa inayosikika. Watoto wanajua kuna muda kabla ya safari inayofuata, kisha muda unapunguzwa. Analetwa mlezi wa pili, Krone. Inajulikana kwamba kuna msaliti kati yao, na ni Ray. Mama anamvunja Emma mguu, tena kwa upole, kama mtu anayefunga mlango. Norman anapelekwa. Halafu hadithi inaruka miezi miwili na inatuficha kile Emma anachopanga, tunamwona tu amekaa kama amekata tamaa. Hiyo ni kasi ya mtu anayejua pa kukimbia na pa kusimama. Yote hayo ndani ya nyumba moja, msitu mmoja na ukuta mmoja.

Si ati haina makosa. Krone ni mwanamke mweusi, na jinsi walivyomchora, macho na midomo na vile vituko na mwanasesere, iliniudhi kabisa. Ndiye mtu mzima anayenivutia zaidi pale, alikuwa mtoto wa shamba kama wao, na kabla ya kufa anawaachia kitu cha kuwasaidia. Alistahili mchoraji mwenye heshima zaidi. Pia waliondoa mawazo mengi ya ndani ambayo kwenye manga unayasoma, lakini hilo nawasamehe kwa sababu kamera ilifanya kazi yake.

Sasa tuje kwa msimu wa pili, wa 2021. Hebu tupige hesabu kidogo. Manga ina sura 181. Msimu wa kwanza ulitumia kama 37 kwa episodi 12, yaani sura 3 kwa kila episodi. Zilibaki 144. Wakazimaliza kwa episodi 11. Hiyo ni kama sura 13 kwa episodi! Haiwezekani, kwa hivyo walikata. Goldy Pond yote ikaenda, na mzee Yuugo akaenda nayo, mtu ambaye wasomaji wengi wa manga wanampenda. Norman anarudi kabla hatujamaliza kumlilia. Anakuja na mpango wa kuangamiza jamii nzima ya mazimwi, kisha anabadilisha nia baada ya kuongeleshwa kidogo. Na mwisho kabisa, miaka ya safari ya Emma inaonyeshwa kwa picha zinazopita moja baada ya nyingine, kama video ya harusi ambayo mpiga picha alilipwa nusu.

Kuna watu huniambia, "Lakini si wewe ndiye hupenda vitu vya kasi?" Hapana, kasi na haraka ni vitu viwili. Waulize watu wa Magadi Road. Nganya inaweza kukutoa Rongai ukiwa unacheka na muziki, na nyingine ikakurusha kwa kila tuta hadi ukafika hujui ulipitia wapi. Na polepole pia inaweza kushika mtu. Monster ina episodi 74, kuna nyingine daktari Tenma haonekani karibu kabisa, lakini kila mtu mpya anayeletwa unaanza kumwogopea. Death Note nayo ilitumia episodi 25 kufika kifo cha L, sura ya 58, kisha ikabana sura 50 zilizobaki ndani ya 12. Wengi wetu tulihisi pale katikati kwamba kuna kitu kimeondoka, tukadhani ni L peke yake.

Kinachoniuma zaidi lakini ni Phil. Emma alikuwa ameapa kutoacha mtu. Mwishowe anawaacha wadogo kabisa, wa miaka 4 kurudi chini, kwa sababu hawawezi kuvuka. Anamwambia Phil ukweli wote, na huyo mtoto wa miaka 4 anakubali kungoja. Hapa kwetu kuna watoto wako kwa shosho, mama yuko Saudia, aliondoka akisema ni miaka 2. Ukimuuliza mmoja wao mama anarudi lini, anakujibu bila kusita, kama Phil. Hadithi nzima baada ya ule ukuta ni deni hilo moja. Msimu wa pili unamrudisha Emma langoni haraka sana hadi kule kungoja hakuna uzito. Phil anatokea, anakumbatiwa, tunasonga.

Kwa hivyo ushauri ni huu. Ukimaliza episodi ya 12, funga. Tafuta manga, anzia sura ya 38, na usome pole pole. Yuugo utamkuta njiani, na mwanzoni utamchukia.