Kompyuta za kwanta: Matundu yanapookoa nafasi

WAKATI makampuni makubwa duniani yakishindana kujenga kompyuta za kwanta, kikwazo kikuu kimebaki kile kile: taarifa iliyomo ndani yake huharibika upesi. Mtikisiko mdogo hutosha kuifuta.

Tangu mwaka 1995, Mmarekani Peter Shor alipoonyesha namna ya kuilinda, dawa imekuwa ni kuisambaza taarifa moja katika kyubiti nyingi, yaani vihifadhi vidogo kabisa vya kompyuta hizo. Desemba 2024, Google ilieleza kuwa katika chipu yake ya Willow, kyubiti 101 zilitumika kutunza kyubiti moja tu ya taarifa.

Gharama hiyo hupanda zaidi pale hifadhi inapotakiwa kufanya pia hesabu ngumu. Njia mojawapo ni kuzipanga kyubiti kwa umbo la mchemraba badala ya bapa. Lakini bapa la 100 kwa 100 lina nafasi 10,000, ilhali mchemraba wenye 100 kila upande una nafasi 1,000,000.

Mwaka 2022, Guanyu Zhu na Tomas Jochym-O'Connor wa IBM, pamoja na Arpit Dua, walichapisha jibu: mchemraba utobolewe matundu, makubwa kwa madogo, hadi uwe fraktali, umbo ambalo kila kipande chake hufanana na umbo zima. Kwa hesabu zao, idadi ya kyubiti inaweza kushuka hadi kuikaribia ya bapa, bila ulinzi kupotea.

Yapo masharti. Walithibitisha kuwa bapa likitobolewa hivyo, ulinzi wa aina hiyo hautadumu. Hata katika mchemraba, kingo za matundu sharti ziwe za aina maalumu. Aidha, kazi yenyewe ni ya nadharia, na Willow ni chipu ya bapa.

Hata hivyo, funzo lake ni zito. Mwaka 1994 Shor huyo huyo alionyesha kuwa kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingevunja aina ya ufumbaji inayolinda mawasiliano mengi ya intaneti, yakiwamo ya kibenki. Wapo wanaojifariji kwamba mashine hiyo itahitaji kyubiti nyingi mno. Fraktali zinaonyesha kuwa hesabu hiyo ya gharama si ukuta wa kudumu. Mpangilio bora waweza kuipunguza. Ndiyo maana Marekani ilitoa viwango vipya vya ufumbaji Agosti 2024, bila kuisubiri mashine ijengwe kwanza.