Freenode haikuwa wakfu

Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Kampuni za Maslahi ya Jamii, Uingereza

Mheshimiwa,

Nakuandikia juu ya Freenode, mtandao ambao haukuwahi kuwa chini yako. Hilo ndilo linaloniuma.

Ulikuwa baraza la maandishi la watengenezaji wa programu huria, wakiwemo wa Ubuntu na wa Wikipedia. Seva zilitolewa na wafadhili, na walioziendesha ni watu wa kujitolea. Freenode Limited, kampuni iliyosajiliwa Uingereza, ilishika jina tu na anwani ya intaneti. Mwaka 2017 ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara Andrew Lee.

Tarehe 19 Mei 2021 karibu wahudumu hao wote wa kujitolea walijiuzulu kwa kumpinga Lee, wakafungua mtandao mpya, Libera Chat. Wiki moja baadaye, mamia ya chaneli zilizotaja mtandao huo mpya kwenye mada zao zilichukuliwa kutoka kwa waliozianzisha. Juni, hifadhidata ya Freenode ikaanzwa upya. Majina na chaneli zilizosajiliwa kwa miaka mingi zikafutika.

Lee alisema mtandao ni mali yake, wahudumu wakasema sivyo. Simwiti mwizi. Tuseme hati ni yake: hati ya nini, basi? Seva ni za wafadhili, mazungumzo ni ya waliozungumza.

Huku pwani mtu akiweka kisima wakfu, hakiuzwi wala hakirithiwi. Hata mjukuu wake huja na ndoo kama jirani yeyote. Anayekisimamia ni mtunzaji tu. Kwa hiyo niliposoma kwamba tangu 2005 mnaidhinisha kampuni ambazo mali zake zimefungwa kwa manufaa ya jamii, nilicheka: kumbe Waingereza nao wana wakfu! Wakfu wa kibiashara kidogo, maana mali yaweza kuuzwa kwa bei yake kamili, lakini haigawiwi wenye hisa wapendavyo.

Ombi langu ni dogo. Wafuate watu wa kompyuta kabla hawajagombana. Waambie kufuli hilo la mali lipo, na uwashauri waandike kwenye katiba ya kampuni kwamba jina, anwani ya intaneti na hifadhidata ni mali iliyofungwa. Vitu hivyo havishikiki, ndiyo maana husahauliwa hadi siku anapotokea mwenye hati.

Libera Chat imesajiliwa Uswidi, kama chama kisicho cha faida ambacho wanachama wake ni wahudumu wenyewe. Kampuni ya Freenode ilisajiliwa Uingereza. Je, kuna mtu wa ofisi yako aliyewahi kuwaeleza habari za kufuli hilo?

Wako,
Msomaji wa pwani