Kijiti Hakijui Kimeshikwa na Nani

Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hupewa kikopo, akatoka nje, akakohoa mwenyewe. Anayepimwa choo au mkojo hujifungia msalani, wala hakuna nesi anayemfuata huko kumkingia. Maabara hupokea vikopo hivyo kila asubuhi bila kuuliza nani kavijaza. Lakini sema kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, uone sura zinavyokunjwa. “Hicho si kipimo,” utaambiwa. “Kipimo anachukua daktari.”

Imani hiyo ni mabaki ya teknolojia ya zamani.

Kwa miongo mingi kipimo kilichojulikana kilikuwa papsmia, kazi ya George Papanicolaou: seli zinakwanguliwa kwenye mlango wenyewe wa kizazi, mtaalamu anazikagua kwa hadubini. Kipimo cha siki, kinachotumika sana Tanzania na Kenya, nacho kinadai jicho la mhudumu. Anapaka siki, anasubiri kidogo, anaangalia kama pana weupe. Hapo kweli mtu hawezi kujikagua. Kipimo cha HPV ni habari nyingine. Kinatafuta vinasaba vya kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za aina hii, na vinasaba hivyo hupatikana hata kwenye ute wa uke. Hakuna kinachohitaji kuonwa. Kijiti chenye pamba au kibrashi laini kinaingizwa, kinazungushwa, kinatiwa kwenye kichupa. Basi.

Mwaka 2018 Marc Arbyn na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti 56 za usahihi. Pale maabara ilipotumia PCR, mbinu ya kuzidisha vinasaba, sampuli za wanawake wenyewe zilibaini mabadiliko hatari sawa na zilizochukuliwa na wataalamu. Vipimo vya mbinu nyingine vilipungukiwa, na hilo lisifichwe. Anayetaka kutilia shaka kitu basi aulize maabara inatumia mbinu gani, auache mkono wa mwanamke. Uholanzi iliwaruhusu wanawake kuagiza vifaa hivyo na kujipimia nyumbani tangu 2017. Australia iliufungua mlango kwa kila anayestahili uchunguzi Julai 2022. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukubali njia hii katika mwongozo wake wa 2021.

Wanaoshikilia kitanda cha kliniki wasome hesabu hii: mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta wanawake wa miaka 30 hadi 49 waliowahi kuchunguzwa ni kama asilimia 16 tu. Sababu ni nyingi, nauli na foleni zikiwemo. Ila nani asiyejua ile nyingine? Kulala chali, miguu juu, chuma kikipanua, na mhudumu mwenyewe pengine ni kijana wa jirani. Mama anayeahirisha kwa miaka kumi hajakataa kupimwa. Amekataa kile kitanda.

Pana hoja moja ya wapinzani yenye uzito: atakayekutwa na kirusi atapotea. Ni kweli, kipimo hiki hakitibu. Kuwa na HPV si kuwa na saratani, lakini aliye nacho lazima afike kituoni akaguliwe, na akihitaji, atibiwe mapema. Hata hivyo, hata anayechukuliwa sampuli na mtaalamu hupotea majibu yakichelewa. Mashine za GeneXpert, zilizotapakaa Afrika Mashariki kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kutoa jibu la HPV kwa muda wa kama saa moja. Mwanamke akichukua sampuli yake kwenye chumba cha faragha kituoni asubuhi, anaweza kurudi nyumbani na jibu lake siku hiyohiyo. Fedha na maarifa vielekezwe huko.

Wewe uliyefikisha miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU, uliza kwenye kituo chako: kipimo cha HPV kipo? Na kama kipo, ninaweza kujichukulia sampuli mwenyewe?